Mifuko ya Kulalia ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa klabu yetu ya matembezi alikuwa mtu wa kuvaa buti za mlimani akienda kununua mkate. Hapa Shinyanga, ambako ukiyatoa yale mawe yaliyobebana huku na huko, nchi yote ni bapa kama sinia. Nilimdharau kwa ajili ya buti zile kabla sijapata sababu nzuri zaidi, na hizo sababu nzuri zilikuja zenyewe bila kuitwa.

Alikuwa meneja wa tawi la benki. Kabla ya kuletwa kwetu alikaa Geita, na huko wanunuzi wa dhahabu walimzoesha vibaya. Walisimama akiingia, walicheka kabla hajamaliza kuchekesha, na yeye akaamini kwamba ni mcheshi. Alipofika Shinyanga alitukuta sisi, kikundi cha watu wazima tuliokatazwa na daktari kukaa kitako, tunatembea kila Jumamosi asubuhi kwenye barabara ya Samuye na kurudi jua linapoanza kuuma. Hatukuwa na mwenyekiti wala hatukuwa na haja naye. Haukupita muda tukawa na mwenyekiti, katibu, fulana za rangi moja, na kundi la simu ambamo alituma picha zake akiwa ameshika fimbo.

Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, nina wajukuu, na nilikuwa natembea kwa sababu ya presha. Basi siku moja mwenyekiti akatangaza kwamba likizo ya Juni tutakwenda nyanda za juu za Ngorongoro, tutembee siku kadhaa, tulale kwenye mahema.

"Hatuchukui punda, hatuchukui wapagazi," alisema. "Kila mtu atabeba nyumba yake mgongoni."

Nilitaka kwenda. Hilo nalisema mapema, maana baadaye watu walidai kwamba tangu mwanzo nilikuwa napinga. Nilitaka sana. Shangazi yangu wa Samuye, aliyelala nje maisha yake yote ya ujana akichunga ng'ombe, aliniuliza kama mume wangu amenifukuza. Wenzangu wa ofisi ya walimu waliuliza kama nimekosa nauli. Mtu ambaye safari yake ndefu kwa miguu ni kutoka kwenye kiti hadi kwenye chupa ya chai sina cha kujadili naye.

Nilikuwa na mkoba wa kubebea mgongoni, nilikuwa na viatu. Nilichokosa ni mfuko wa kulalia, ambao wenzangu wote waliuita slipingbegi kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani yake. Juni kule juu nyasi huamka na barafu. Blanketi la kutosha baridi ile lingenimaliza kwa uzito kabla sijafika mahali pa kulifunua.

Nikaanza kujisomea. Nilitazama video za vijana wa Ulaya wenye ndevu wanaohuzunika juu ya uzito wa mswaki. Mmoja alikata mpini wa mswaki wake mbele ya kamera ili apunguze mzigo. Kitambi chake hakukigusa. Lakini katikati ya upuuzi ule mwingi nilichambua la maana, na mengine nilikuwa nayajua kwa kazi yangu. Bata haogopi maji ya baridi kwa sababu chini ya yale manyoya tunayoyaona ana mengine laini, madogo, yasiyo na kijiti kigumu katikati, yanayoshika hewa. Hewa ile ndiyo inayopashwa joto na mwili. Mfuko uliojazwa manyoya hayo ni mwepesi kuliko wa pamba ya plastiki wenye joto lile lile, na ukiubana unakuwa mdogo kama mkate wa mviringo. Ubaya wake ni maji. Yakilowa, manyoya hushikana mabonge, na hapo umebeba kitambaa kitupu.

Nilijifunza pia kwamba kwenye mfuko huandikwa nambari mbili za baridi. Ya kwanza ni baridi ambayo mtu wa kawaida atalala. Ya pili ni baridi ambayo hatalala, ila huenda asife. Wauzaji huipenda ya pili, huiandika kwa wino mkubwa.

Wakati nayasoma hayo, mwenyekiti akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa nyuma ya hoteli moja hapa mjini. Alikuja na mfuko mmoja wa buluu, akauweka juu ya meza kama anayezindua mradi.

"Ndugu zangu, msihangaike," alisema. "Mtu wangu wa Geita anaingiza vifaa vya migodini. Atatuletea mifuko kama huu kwa wote. Manyoya ya bata asilimia mia. Mimi mwenyewe nalalia huu huu."

Watu wakapiga makofi. Mfuko ukapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akiubonyeza na kutikisa kichwa kwa heshima, kama watu wanaobonyeza tumbo la mgonjwa bila kujua wanatafuta nini. Ulipofika kwangu niliuona mzito. Niliufinya kwenye kiganja nikauachia, ukarudi haraka kama sifongo ya kuoshea vyombo. Nilitembeza vidole kutafuta hata kijiti kimoja cha unyoya, maana hata manyoya mazuri hayakosi vijiti vichache vinavyochoma. Hamna. Pembeni ya zipu mshono ulikuwa umeachia, na uzi mweupe wa kilichomo ndani ulikuwa umechungulia. Nikavuta kidogo.

"Mwenyekiti, naomba kiberiti," nilisema.

"Cha nini, mwalimu?"

"Nataka kunusa."

Katibu, ambaye anavuta sigara, akanipa cha kwake. Nikauwasha ule uzi juu ya kisahani. Kila mtu pale amewahi kubabua kuku, anajua manyoya yakiungua yananukaje. Hapakunuka kuku. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki kitone cheusi kigumu, na harufu ikawa ya mfuko wa plastiki uliotupwa motoni.

Niliwaonyesha kisahani. Niliwaambia kwamba mfuko wa kulalia wa pamba ya plastiki si dhambi, watu wengi hulala humo salama na hata ukilowa una nafuu, lakini basi uuzwe kwa jina lake, na tujue kwamba ni mzito na kwamba kwa unene ule hautatosha baridi ya kule.

Mwenyekiti alicheka. "Mwalimu anafundisha wadudu na panzi," alisema. "Mabegi atuachie."

Na watu wakacheka naye. Hapo ndipo dharau yangu ilipopanuka ikachukua ukumbi mzima. Mfamasia alikuwepo, mtu aliyesoma kemia. Mhandisi wa maji alikuwepo. Walikiona kile kitone kwa macho yao, mmoja alikigusa kwa ukucha, kisha wakajiandikisha. Aliyenishangaza zaidi ni dada mmoja karani wa benki, aliye chini ya mwenyekiti kazini, mtu makini ambaye Jumamosi nyingi tulitembea pamoja tukizungumza vizuri. Aliinamisha macho, akajiandikisha wa kwanza.

Mimi nikaenda kutafuta wangu.

Niliambiwa kwamba Maganzo, kule wanakochimba almasi ndogondogo, kuna bwana anauza vitu vilivyoachwa na wageni waliokuja kutafuta mawe. Nikapanda basi. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza yenye taa za kichwani, darubini moja iliyopasuka jicho, na mahema yaliyotoboka.

"Mwangaluka, mama," alinisalimu.

"Mwangaluka. Una mfuko wa kulalia wa manyoya?"

"Ninao. Huu si wa mchezo. Huu wa mzungu."

Alisema hivyo kana kwamba mzungu ni aina ya kitambaa. Mfuko kweli ulikuwa wa manyoya, maana vijiti vilinichoma. Lakini niliponyanyua upande mmoja, kila kilichokuwamo kilianguka chini kwenye miguu, mabonge mabonge kama ugali uliotiwa maji pungufu. Katikati hapakuwa na kitu. Niliona mkono wangu upande wa pili.

"Uliufua?" niliuliza.

"Nimeufua vizuri sana mama, kwa sabuni ya unga, nikaupiga na jiwe. Ulikuwa unanuka mzungu."

"Ukaanika wapi?"

"Pale kwenye miiba."

Miiba ilikuwa imeacha matundu, na kwenye kila tundu palichungulia kinyoya kimoja. Alikuwa amechukua kitu kizuri akakiua kwa bidii, na bado alitaka nimshukuru kwa usafi. Nilirudi mjini mikono mitupu.

Aliyenisaidia ni jirani yangu mwenye duka la vyombo. Familia yake ya Kihindi imekuwa na duka lile tangu mimi sijazaliwa. Yeye na mimi hutembea pamoja siku za katikati ya wiki, kabla hajafungua. Klabuni hakujiunga, alimwona mwenyekiti mara moja tu, akasema, "Huyu bwana anasalimia viatu vyake," na hakurudi tena. Nilipomsimulia habari za Maganzo alicheka mpaka akashika kaunta.

"Binamu yangu ana duka Arusha, anauzia watu wa safari," alisema. "Nitamwambia alete mitatu kwa basi. Unachagua mmoja, miwili inarudi. Lakini dada, utachaguaje bila kulala?"

"Nitalala."

"Wapi?"

Tukatazamana, kisha sote tukatazama sakafu ya duka, kati ya mabeseni na masufuria.

Mifuko ilipofika tuliifungua yote na kuiacha bila kuigusa huku tukinywa chai. Hiyo ni hatua ya kwanza ambayo hakuna video iliyonieleza vizuri. Manyoya yaliyobanwa safarini yanahitaji muda wa kuumuka, kama unga wa maandazi, na usipoyapa muda huo unahukumu kitu kilicholala usingizi. Wa kwanza, mwekundu, uliumuka upesi ukawa mzuri ajabu. Wa pili, wa kijani, ulikuwa mnene zaidi ya wote. Wa tatu, wa kijivu, ulikuwa na sura ya kawaida ambayo haimvutii mtu.

Tuliipima kwenye mizani ya duka. Mwekundu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mwenye duka aligonga mizani akidhani imekwama. Tukauinua kwenye mwanga wa mlango. Mshono ulikuwa umepita moja kwa moja kutoka kitambaa cha nje hadi cha ndani, na kila palipopita mshono pakawa na mstari usio na kitu. Kwenye mistari ile baridi ingeingia ikitembea. Hata hivyo nikauingia, kwa haki. Mabega yalipita. Nyonga zilifika katikati, zikakataa.

"Huu ameshonewa nani?" niliuliza.

"Mwanamume asiye na chakula kwao," alisema mwenye duka.

Wa kijani ulinikubali wote, na nikatoka jasho papo hapo, lakini uzito wake ulikuwa nusu ya mzigo wangu mzima. Ulikuwa mfuko wa mtu anayelala kwenye theluji kwa kupenda. Nikabaki na wa kijivu. Nikauingia, nikavuta zipu, nikajilaza ubavu, nikakunja magoti, nikageuka upande wa pili. Uligeuka nami. Kofia yake ilinifunika kichwa ikabakiza pua. Vyumba vya manyoya vilikuwa vimetenganishwa kwa kuta za kitambaa, hivyo hapakuwa na mistari mitupu. Zipu yake ilishuka mpaka miguuni, ukiifungua yote mfuko unakuwa shuka pana.

Nikiwa bado sakafuni aliingia mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja kununua beseni. Aliniona uso tu, chini, umezungukwa na kitambaa cha kijivu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa hofu.

"Marahaba."

"Unaumwa?"

"Sijambo. Nanunua."

Akachukua beseni lake akaondoka bila kudai chenji. Mwenye duka akamkimbilia nayo barabarani, akarudi amejishika mbavu.

Nilichukua wa kijivu. Nambari yake ya kwanza, ile ya kulala, ilikuwa ya baridi kali kidogo kuliko niliyoitarajia. Ya pili sikuitazama. Nikautia kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuupakia mgongoni, kwa sababu ya mvua.

Juni tukasafiri. Siku ya kwanza ya kutembea ilikuwa nzuri, na sitaidanganya. Nyasi zilikuwa fupi za rangi ya simba, upepo mkavu, ng'ombe wa Wamasai mbali kama punje za mtama. Mwenyekiti alitangulia mbele akieleza mambo. Alieleza mawingu. Alieleza volkano mbele ya mhandisi, ambaye alimwachia. Mizigo ya wenzangu ilikuwa na mifuko ya buluu iliyofungwa nje kwa kamba, maana haikuenea ndani, ikawapiga matako kila hatua.

Tulipopiga mahema jua likazama na baridi ikaja kama mtu aliyekuwa anasubiri nyuma ya mlango. Niligawana hema na yule dada karani. Aliingia kwenye mfuko wake wa buluu amevaa kila alichobeba. Baada ya muda nikasikia meno yake.

"Umelala?" nilimuuliza.

"Nitalala tu, mwalimu."

Hakulala. Nilimsikiliza nikiwa nimepata joto, na natamani niseme kwamba sikuona raha yoyote, lakini raha kidogo niliiona. Haikudumu. Mtu akitetemeka karibu nawe mpaka hema linatikisika, huwezi kuendelea kuwa na haki peke yako. Nikafungua zipu mpaka miguuni, nikautandaza mfuko juu yetu wawili, wake tukautia chini kama godoro. Alinisogelea kama mtoto, na kidogo kidogo akanyamaza.

Asubuhi watu walitoka kwenye mahema wana nyuso za msibani. Mfamasia alikuwa amelala ndani ya mkoba wake, miguu yote miwili. Katibu alikuwa amekaa kando ya jiko la gesi tangu alfajiri, amelikumbatia. Mwenyekiti alitoka wa mwisho, amenyooka, amenawa, anapiga mluzi.

"Jamani, mmelalaje? Mimi kama mtoto!"

Alikuja kuchukua chai yake. Alikuwa amevaa sweta jeusi, na kwenye bega, karibu na shingo, kulikuwa na kinyoya. Cheupe, laini, kisicho na kijiti, kinacheza na upepo lakini hakitaki kuondoka. Kingine kilikuwa kwenye ndevu.

Nilisimama nikakitoa kile cha bega, nikakiweka kwenye kiganja changu mbele ya wote.

"Mwenyekiti," nilisema, "umeota manyoya."

Mhandisi akainuka, akaenda kwenye hema la mwenyekiti lililokuwa wazi, akatazama ndani bila kuingia. Aliporudi alisema tu, "Wake ni wa rangi ya chungwa."

Nilitarajia aibu. Nilitarajia angalau uongo wenye akili. Mwenyekiti alikunywa chai yake, akafuta ndevu.

"Huo niliununua zamani," alisema. "Kiongozi akiugua safari imekufa. Nililala vizuri kwa faida yenu."

Nilingoja mtu aseme neno. Katibu akauliza leo tunapitia njia gani, na mwenyekiti akaeleza njia, na watu wakafunga mizigo yao ya buluu. Tulitembea siku zilizobaki hivyo hivyo. Kila jioni yule dada alikuja kwenye mfuko wangu bila kuuliza. Mimi na mwenyekiti hatukuzungumza tena, jambo lililoniongezea pumzi kwenye miinuko.

Tuliporudi Shinyanga ulifanyika uchaguzi wa klabu. Alirudishwa kwa kunyoosha mikono. Nilikaa nyuma nikawaangalia wanavyonyoosha: mfamasia, mhandisi aliyechungulia hema, na yule dada niliyemfunika. Mkono wake haukuchelewa. Nikatoka kabla hawajaimba wimbo wa klabu.

Yule dada alikuja nyumbani kwangu baada ya wiki kadhaa, ameshika ule mfuko wa buluu. Nilimkaribisha kwa sababu ya adabu, si kwa sababu nyingine.

"Mwalimu, najua umenichukia," alisema.

"Sijakuchukia. Nimekudharau tu."

"Mwenyekiti ndiye anayeandika tathmini yangu ya kazi. Ndiye anayesema nihamishiwe wapi. Nina mama mgonjwa hapa, siwezi kupelekwa Runzewe. Wewe unaweza kumwashia kiberiti usoni, kesho unaingia darasani kwako. Ningeacha kunyoosha mkono mimi?"

Nilimimina chai. Nilifikiria mfamasia na mhandisi, ambao hakuna anayewaandikia tathmini, na nikaona kwamba dharau yangu nilikuwa nimeigawa sawa kwa watu wasio sawa. Wale wawili niliwaachia fungu lao lote, wanalo mpaka leo.

"Na huo umeuleta wa nini?" nilimuuliza, nikionyesha mfuko.

"Nilitaka kukuuliza kama unafuliwa. Mama anaupenda. Anautandika juu ya mkeka, anasema haumuumizi mbavu."

"Huo fua unavyotaka," nilimwambia. "Hata kwa sabuni ya unga. Hakuna kitu humo cha kuharibika."

Tukacheka, yeye kwanza. Jumamosi iliyofuata klabu ilikwenda njia yake na fulana zake. Mimi na mwenye duka la vyombo tulikwenda ya kwetu, na karibu na njia panda tulimkuta yule dada amesimama kando ya barabara, amevaa raba za kawaida, ameshika chupa ya maji, akijifanya amepumzika.